Majumba Yasiyo na Uani

Tunapoutaja utamaduni wa taifa, aghalabu fikira zetu hukimbilia ngoma, mavazi, mashairi na vinyago vya Wamakonde. Nyumba husahauliwa. Huenda ni kwa sababu nyumba haichezwi wala haiimbwi, tena tumo ndani yake usiku na mchana. Lakini hakuna kazi ya sanaa inayomtawala binadamu kama nyumba inavyomtawala. Shairi baya mtu hulifunga kitabuni akaenda kulala. Nyumba mbaya hana budi kulala ndani yake. Kwa hiyo tumeona yafaa kuyahakiki majumba marefu ya fleti yanayopanda katika jiji la Dar es Salaam kwa namna ile ile wenzetu wanavyohakiki riwaya na tamthiliya, yaani kuuliza yametungwaje, yanamwambia nini mkaaji wake, na yamemwachia nafasi gani.

Kwanza tuondoe shaka. Hatukusudii kusema kwamba mji huu usijenge kwenda juu. Sensa ya mwaka 1967 iliwakuta humo watu wasiofika laki tatu. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu 5,383,728. Umati huo ukitandazwa wote chini, kila familia na kiwanja chake, basi mfanyakazi atalala Mkuranga na kuamka saa tisa za usiku ili awahi kazini Posta. Ardhi haivutiki kama ngozi ya ngoma. Na tangu ilipotungwa Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, mtu aweza kumiliki fleti moja tu katika jengo la fleti hamsini, akapewa hati ya sehemu yake pamoja na fungu katika vile vitu vya pamoja: ngazi, paa, kiwanja, mabomba na korido. Sheria hiyo ilikuwa na maana kubwa kuliko walivyodhani wengi, na tutairudia.

Wala si kweli kwamba ghorofa ni ugeni kwetu, kama wapendavyo kusema baadhi ya wazee wenzetu. Watu wa Lamu, Pate na Mji Mkongwe wa Unguja walikaa ghorofani kabla ya saruji kufika pwani hii. Maneno ghorofa, dari, roshani na kidaka ni maneno ya zamani katika lugha yetu. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, alipotaka kutuonyesha jinsi ufahari wa Pate ulivyotoweka, alituingiza ndani ya nyumba, akatupitisha katika kumbi na vidaka vilivyoachwa. Alijua kwamba nyumba ikifa, namna nzima ya kuishi imekufa.

Lakini nyumba zile za ghorofa zilikuwa na mpango. Mlango wa Lamu ulitanguliwa na daka, mahali pa kumkalisha mtu ambaye si wa kumfukuza wala si wa kumwingiza ndani. Baada ya daka kulikuwa na tekani, kisha kiwanda. Na neno hili mwanafunzi asilielewe kuwa ni mahali pa mashine, kwani kwa watu wa Lamu kiwanda ni ua wa ndani usio na paa. Hapo jua liliingia, hewa ilizunguka, na vyumba vyote vilipumua kwa kupitia hapo. Ghorofa ilipanda, lakini ilipanda pamoja na uwazi wake.

Nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam, ile ya Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke, ni ya kimaskini zaidi, lakini ina mpango ule ule. Mbele baraza, katikati ukumbi mrefu, vyumba kulia na kushoto, na nyuma uani: jiko, choo, bafu, pipa la maji na kamba ya kuanikia. Sisi tulikulia Ilala katika nyumba ya namna hiyo yenye vyumba 6. Mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kizaramo. Chumba cha pili alikaa fundi cherehani kutoka Songea na mkewe, cha tatu karani Mnyakyusa, cha nne wasichana wawili wa Kihaya waliofanya kazi kiwandani. Mke wa fundi alipofika hakujua Kiswahili zaidi ya salamu. Hakukifundishwa darasani. Alikipata uani, kwa kuomba chumvi, kwa kugombea zamu ya jiko, kwa kuchekwa na kuchekana, na baada ya mwaka mmoja alikuwa akimtania bibi kwa mafumbo yaliyotushinda sisi tuliozaliwa mjini. Twasema mara nyingi kwamba Kiswahili kilienezwa na siasa, shule na redio. Ni kweli. Lakini kazi kubwa ilifanyika kwenye uani wa nyumba za kupanga, na hakuna aliyeuwekea uani jiwe la kumbukumbu.

Hili ndilo linalotufanya tuyatazame majumba mapya kwa wasiwasi. Msanifu amevichukua vile vyumba, akavipandisha juu, kimoja juu ya kingine, mara kumi, mara ishirini. Baraza ameiacha. Uani amepaacha. Mahali pake ameweka korido yenye milango inayotazamana, isiyo na dirisha, yenye taa mchana kutwa. Korido hiyo ni ukumbi uliokatwa ncha zote mbili, haitoki barazani wala haifiki uani. Watu hukutana humo wakiwa na funguo mkononi.

Kariakoo hali ni mbaya zaidi. Viwanja vya huko vilipimwa kwa nyumba ya chini. Tangu miaka ya 1990, na hasa baada ya mwaka 2000, viwanja hivyo hivyo vimepandishwa majengo ya ghorofa sita, nane, kumi, mengi yakiwa yamejaza kiwanja chote hadi mpakani. Aliyetangulia kujenga alipata upepo. Jirani alipojenga, dirisha la yule wa kwanza likageuka kutazama ukuta ulio umbali wa mkono. Tumeingia katika chumba cha namna hiyo saa sita za mchana na mwenyeji akawasha taa ili atuone. Chumba kile kinauzwa na kupangishwa kama vingine, kwa kuwa katika ramani dirisha limo.

Kuhusu upepo, yapo mambo ambayo mtoto wa pwani huyajua kabla ya kujua kusoma. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na kusi hufuata na kushika hadi Septemba. Jua la hapa, kwa kuwa tupo kiasi cha nyuzi 7 kusini ya Ikweta, hupita karibu na utosi, hivyo kuta zinazopigwa sana ni za mashariki asubuhi na za magharibi alasiri. Mtu akijua haya mawili, amekwisha kupata nusu ya usanifu wa Dar es Salaam: upande mrefu wa jengo utazame kaskazini na kusini, madirisha yakabiliane ili hewa ipite moja kwa moja, na juu ya kila dirisha pawe na kivuli. Fleti nyingi za zamani za Upanga zilifuata kanuni hii, zikiwa na roshani zenye kina na kuta za matofali ya matundu ngazini. Si nzuri kupita kiasi, na nyingine zimechakaa, lakini mtu aweza kukaa humo umeme ukikatika. Majumba kadhaa mapya yamevikwa vioo upande wa magharibi, kisha yakatundikwa viyoyozi ili kupambana na joto lililoletwa na vioo hivyo. Mnunuzi hulipia mara mbili, kwanza kioo, kisha dawa ya kioo, na bili hii ya pili haina mwisho.

Wala tusiambiwe kwamba zege haliwezi kusema lugha yetu. Soko la Kariakoo la miaka ya 1970 lilisanifiwa na Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa kwanza kuhitimu usanifu majengo katika Afrika Mashariki. Paa lake ni miamvuli mikubwa ya zege, inayotoa kivuli, inayopitisha hewa na mwanga, na inayokusanya maji ya mvua. Hakuiga kibanda cha makuti, wala hakubandika nakshi za mlango wa Unguja juu ya saruji, kama wafanyavyo wale wanaodhani kwamba utamaduni ni pambo. Aliuliza watu wa soko wanahitaji nini chini ya jua hili, akajibu kwa zege. Moto uliliunguza soko hilo Julai 2021, na huzuni ya watu siku ile haikuwa ya bidhaa peke yake.

Yapo pia madhambi yasiyohitaji mhakiki, bali hakimu. Tarehe 29 Machi mwaka 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine lilianguka Kariakoo, watu zaidi ya 20 wakafa. Tumeyataja haya kwa ufupi kwa sababu jengo lisilosimama halina usanifu wa kujadiliwa. Uhakiki wetu unaanzia pale nguzo zilipokwisha kuwa imara na kibali kimekwisha kuwa halali, kwani hapo ndipo watu hudhani kwamba kazi imekwisha.

Sasa tueleze kisa kilichotusukuma kuandika. Miaka michache iliyopita alifariki mwenzetu wa ofisini, mtu mwema, aliyekuwa amenunua fleti ghorofa ya 9 katika jengo moja katikati ya jiji kwa mkopo wa miaka mingi. Jengo lenyewe hatulitaji, kwani laweza kuwa lolote. Maiti aliletwa nyumbani aagwe kabla ya kupelekwa msikitini. Jeneza halikuingia katika lifti. Lingeweza kuingia kwa kusimamishwa wima, na hapakuwa na mtu aliyethubutu hata kulitamka hilo. Basi tukashika ngazi, watu wanane kwa zamu. Ngazi zilikuwa nyembamba, na kila kona jeneza lilikataa kugeuka, ikabidi liinuliwe juu ya vichwa, lipitishwe nje ya reli, juu ya lile shimo, wakati walio chini wakinyoosha mikono na kumtaja Mungu. Tulifanya hivyo kila kona kwa ghorofa tisa, kisha tukafanya tena kwa kushuka. Sisi tulikuwa tumeshika upande wa miguu. Hatujapata kumwogopea maiti namna ile.

Juu, sebule iliweza kuwakalisha wanawake kumi. Waliosalia walitandika mikeka kwenye korido. Taa za korido zilikuwa za kujizima zenyewe ili kuokoa umeme, zikiwaka pale tu mtu anapopita. Kwa hiyo kila baada ya dakika chache giza liliwafunika wafiwa, na mtoto mmoja akapewa kazi ya kusimama na kupunga mkono. Wanaume tulikuwa chini. Turubali lilifungwa katika maegesho, kati ya magari mawili ambayo wenyewe hawakupatikana. Mlinzi, kijana mwenye adabu, akaja na karatasi ya kanuni za jengo, iliyoandikwa kwa Kiingereza, akasema, “Samahani wazee wangu, hapa mikusanyiko hairuhusiwi. Pana utaratibu.” Mzee mmoja wa marehemu akamjibu bila hasira, “Mwanangu, hata sisi tuna utaratibu.” Kijana akakunja karatasi, akatuletea viti vyake viwili vya plastiki.

Chakula cha waliotoka mazikoni kilipikwa ng'ambo ya barabara. Palikuwa na nyumba moja ya Kiswahili iliyosalia mtaani, na mama mwenye nyumba, asiyemjua marehemu ila kwa kumwona akipita, alifungua uani kwake. Masufuria yakapangwa, kuni zikawashwa, na watu wakala kwa kupokezana barazani. Tuliambiwa siku ile ile kwamba nyumba hiyo imekwisha kuuzwa, ipishe jengo la ghorofa 12.

Msomaji atauliza, je, msanifu aliyasahau haya, au hakuyajua? Tunadhani aliyajua, maana naye amezikwa kwao kwa turubali na mkeka. Lakini alichora kile alichoagizwa, na mwagizaji huhesabu mita za mraba zinazouzika. Uani hapauziki. Hakuna mnunuzi mmoja atakayelipia kona pana ya ngazi ili jeneza la jirani yake lipite. Angalia michoro ya matangazo: miti ya kijani, bwawa la kuogelea, mwanamke mmoja amesimama roshani akitazama bahari. Hakuna nguo iliyoanikwa. Hakuna kinu. Hakuna mgeni aliyekuja kutoka kijijini kwa matibabu, analala sebuleni mwezi mzima. Jiko limefunguliwa kuelekea sebule, kana kwamba hapa hakuna mtu atakayekaanga dagaa wala mke asiyependa mgeni wa mumewe amtazame akitoka jasho. Chumba cha msichana wa kazi, pale kilipo, mara nyingi ni kidogo kuliko stoo, na tumeona vingine visivyo na dirisha kabisa. Tukiwa wahakiki wa fasihi tungesema mtunzi huyu hawajui wahusika wake. Na jina la jengo aghalabu ni la Kiingereza, ingawa wahusika wote husema Kiswahili.

Lingekuwa kosa kusema kwamba hakuna njia nyingine iliyojaribiwa. Michenzani, Unguja, majengo marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki yalinyooshwa kwa rula juu ya Ng'ambo ya zamani, na wengi wameyalaumu, sisi tukiwamo, kwa jinsi yasivyojali mitaa iliyokuwapo. Hata hivyo chini yake palibaki uwazi, na watu waliushika. Waliteremka, wakajenga maskani, wakaweka bao na kahawa. Baraza ambayo mchoraji hakuichora iliota yenyewe, kwa kuwa palikuwa na mahali pa kuota.

Na Magomeni Kota inastahili kutazamwa kwa makini na kila mwalimu anayefundisha habari za miji. Wakazi wa nyumba za zamani za pale waliondolewa, nyumba zikabomolewa, na kwa takriban miaka kumi walitawanyika. Majengo mapya ya ghorofa yalizinduliwa Machi 2022, yakiwa na nyumba 644 kwa familia 644 zile zile, waliopewa kukaa miaka mitano ya mwanzo bila kodi. Kwa ubora wa usanifu tu, mtu aweza kupata kasoro. Lakini jambo moja latupasa kulisifu pasipo kificho: watu walirudishwa mahali pao, wakiwa wanajuana. Jirani wa ukumbini akawa jirani wa korido. Wanafunzi wa Dar es Salaam wangeweza kwenda pale wakachora ramani mbili, ya nyumba ya bibi zao na ya fleti, kisha wawaulize wakazi wanaanika wapi, wanatwanga wapi, wanapokea wageni wa msiba wapi. Majibu yao yangewafaa wasanifu wetu kuliko vitabu kadhaa.

Tulisema tutairudia sheria ya mwaka 2008. Sheria hiyo inawataka wenye fleti wawe na chama chao, na chama hicho ndicho chenye dhamana ya vitu vya pamoja. Kwa maneno mengine, imemrudishia kila mnunuzi fungu la uani, ingawa uani wenyewe hakuna. Ngazi ni zake. Paa ni lake, na mapaa mengi ya zege ya mji huu yamejaa matangi ya maji na nyaya ilhali yangeweza kuanikiwa nguo, kufungiwa turubali, kufundishia watoto Kurani au hesabu za jioni, katika upepo ambao huko chini hakuna anayeupata. Kinachotakiwa ni ukingo imara, kivuli, bomba moja na ngazi pana ya kufikia huko. Gharama yake ni ndogo mbele ya gharama ya vioo. Na katika majengo yatakayochorwa kesho, ghorofa moja kati ya kila tano ingeweza kuachwa wazi upande mmoja, isiuzwe, iwe baraza ya wale wa juu na wa chini yake. Wenye mitaji watasema hiyo ni hasara. Ni kweli, ni hasara ya fleti moja au mbili, na ndiyo bei ya jambo tunalolitaka.

Mjane wa mwenzetu bado anakaa ghorofa ya 9. Mwaka uliofuata alituomba tumsindikize katika mkutano wa kwanza wa wenye fleti, kwa kuwa hati ilikuwa bado katika jina la marehemu. Jengo halina chumba cha mkutano, basi watu walikaa ngazini, kati ya ghorofa ya 3 na ya 4, wengine juu na wengine chini, wakisemeshana bila kuonana nyuso. Walijadili jenereta, walijadili takataka, walijadili lifti kwa muda mrefu. Shemeji alinyoosha mkono, akaomba korido iwekewe swichi ya kawaida. Katibu aliandika. Kijana mmoja wa ghorofa ya 6, ambaye hatumfahamu, akauliza funguo za mlango wa paa anazo nani. Hakuna aliyejua, na mlinzi akatumwa kuzitafuta.